Sista Mwoga, Mkunga Aliyeizuia Mikono Yake

Alizaliwa katika nyumba ya fundi cherehani, akitanguliza makalio badala ya kichwa, na mama yake aliponea chupuchupu. Habari za siku ile zilisimuliwa nyumbani kwa kunong'ona, naye akakua mtoto wa kushtukashtuka. Hata alipoingia utawani, wenzake walimtania kwamba bakuli likianguka jikoni, yeye huwa ameshafika kanisani. Wakamwita Sista Mwoga, na jina likamganda. Mama Mkuu alipomtuma kusomea ukunga, alilia. "Mama, mimi sitaweza, naogopa." Mama Mkuu akamjibu, "Ndiyo maana nakutuma wewe. Asiyeogopa nimemkatalia."

Huko mafunzoni alishuhudia mkunga mwenye pupa akimvuta mtoto aliyetanguliza miguu. Mikono ya mtoto ikapanda juu, kidevu kikainuka, kichwa kikanasa. Kilipotoka, uhai ulikuwa umeshakwenda. Tangu hapo, kila alipopapasa tumbo la mjamzito akakuta kichwa, kigumu na cha mviringo, kimekaa juu chini ya mbavu, mate yalimkauka. Akina mama hao aliwahimiza wakajifungulie hospitali kubwa mapema, na wengi walikwenda.

Lakini msimu mmoja wa mvua, daraja la kwenda hospitali lilizolewa na maji. Adhuhuri mke wa seremala akaletwa na mama mkwe wake kwenye zahanati ya Sista, uchungu umeshapamba moto, na makalio ya mtoto yanaonekana. Sista aliegemea ukuta. Kisha akanawa, akamketisha mama ukingoni mwa kitanda, akapiga magoti mbele yake. Kiwiliwili kikatoka, kikaning'inia, mgongo ukitazama juu. Kichwa kikabaki ndani.

Mama mkwe akapiga kelele, "Sista, vuta! Mtoto anakufa, nawe unamtazama tu?"

"Nikivuta, kichwa kitanasa," alisema Sista. "Mama, mshike mkweo mkono. Hata mimi naogopa. Na wewe mwanangu, sukuma, taratibu."

Mikono yake ilikuwa wazi chini ya mtoto, tayari kumpokea, bila kumvuta. Waliokuwapo walisema jasho lilimdondoka kidevuni, na midomo ilikuwa ikisali. Hatimaye kisogo kikaonekana. Hapo ndipo alipoishika miguu, akaiinua polepole, na uso ukateleza nje. Mtoto alikuwa wa kijivu, amelegea. Sista akamsugua mgongo, akampulizia pumzi, akamsugua tena, mpaka mama mkwe akaanza kujifunika uso. Ndipo mtoto akakohoa, akalia. Sista naye akatoka uani akatapika.

Alifanya kazi hiyo mpaka uzeeni, akiwafundisha masista vijana kupapasa tumbo mapema na kutodharau hofu yao. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, hakujifanya shujaa. "Naogopa," aliwaambia. "Msiniache." Wakamshika mikono mpaka akakata roho, alfajiri ya Jumapili ya Matawi.

Wapo akina mama wanaosema waliomba kwa jina lake, na mtoto aliyekingama tumboni akageuka. Kanisa bado halijazipima habari hizo, nasi hatulitangulii. Lakini mfano wake uko wazi kwa kila mwamini: aogopaye na apige magoti kando ya mwenzake, aseme kweli kwamba anaogopa, na asiondoke.