Miguu ya Mwalimu Kagendo

Kagendo alitoka Meru kuja kufundisha shule ya msingi Garissa, wakati wa vita vya mashifta, waasi waliopigana na serikali ya Kenya. Mwaka wa 1965 jicho lake la kushoto liliingia ukungu. Gitau, dresa wa zahanati, alisema ni vumbi, akampa dawa ya matone. Baada ya wiki kadhaa ukungu ukaondoka, na dawa ikapata sifa.

Miezi michache baadaye miguu ikafa ganzi. Akawa anayumba mbele ya ubao, watoto wakicheka. Gitau akamtibu malaria. Daktari aliyepita na msafara wa jeshi alimgonga magoti, kisha akamwuliza kama anaogopa risasi.

"Nani hapa haziogopi?" Kagendo akajibu.

"Basi ni woga tu. Pumzika."

Ndipo ikajulikana kwamba hunywa maziwa mabichi ya ngamia, anayoletewa na jirani yake Rahmo. Gitau akasema homa ya maziwa huingia hata kwenye mishipa. Akamdunga sindano mpaka kuketi kukawa taabu. Miguu ikapata nguvu na Gitau akafurahi. Rahmo hakufurahi.

"Abaayo, dada yangu, mimi nakunywa hii tangu nizaliwe. Sasa watu wanasema nimekupa sumu."

Kagendo akayaacha maziwa. Mvua ziliponyesha miguu ililegea tena, naye hakuwa ameonja maziwa hata tone.

Gitau akamwandikia barua ya kwenda hospitali Nairobi, lakini barabara ilikuwa imetegwa mabomu. Alipopata nafasi kwenye msafara, alikuwa anatembea vizuri. Daktari bingwa akamtazama akivuka chumba.

"Mbona mzima?"

"Ungeniona mwezi uliopita."

Walimtoa maji ya uti wa mgongo. Walimpima kaswende, wakarudia, jambo lililomuudhi sana. Hawakuiona. Bingwa akasema kuna maradhi yanayokula utando wa mishipa ya fahamu, huja na kuondoka, ila vitabu vyake vinadai Waafrika hawayapati.

"Kwa hiyo nina nini, daktari?"

"Tungoje yakurudie."

"Yakinirudia nitakuwa Garissa, na wewe utakuwa hapa."

Bingwa aliendelea kuandika.

Yalirudi, na safari hiyo mguu wa kulia haukupona. Mwaka wa 1967 alihamishiwa kwao Meru, akafundisha akiwa ameketi. Jina la ugonjwa hakupewa. Jamaa walipomwuliza, alisema mguu umekataa, akawauliza habari za mashamba.