Sauti ya Kumi na Mbili

Kamanda alimshuku yule mama tangu chini, kwenye uwanja wa kuegesha magari, kabla hata wageni hawajafunga mikoba. Watu wanaokuja kupanda Njia ya Chumvi humuuliza kiongozi wao mambo matatu: choo kiko wapi, mvua itanyesha, na tutafika saa ngapi. Huyu aliuliza, "Umeifanya kazi hii miaka mingapi, kaka?" kisha akaandika jibu kwenye daftari. Toka lini mtu wa likizo akaandika miaka ya kazi ya mwenzake?

"Ishirini na sita," Kamanda alijibu, na moyoni akaongeza: umetumwa wewe.

Alikuwa na sababu ya kuogopa kutumiwa mtu. Macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Mwaka mzima sasa, mtu akisimama kimya hatua tano mbele yake alikuwa ukungu mtupu. Mkewe alijua, maana alishamwona akimimina chai mezani, kando kabisa ya kikombe. Ofisini hawakujua. Wangejua, unga ungemwagika siku hiyohiyo, na kazi nyingine Kamanda hakuijua wala hakuitaka.

Miguu ndiyo ilimsitiri. Ngazi za mawe za njia ile, zilizochongwa na wachukuzi wa chumvi karne nyingi kabla babu yake hajazaliwa, alizijua kwa nyayo: zilizolika katikati, zinazoteleza, na ile moja iliyomeguka upande wa korongo. Kilichomshinda ni kuhesabu watu. Basi akabuni mbinu. Kila mgeni alipewa namba, na wakifika kwenye kila rundo la mawe la kuonyesha njia, kila mmoja aliita yake kwa sauti. Aliwaambia ndivyo walivyofanya wachukuzi wa kale. Uongo mtupu, lakini wageni waliupenda kuliko hata mandhari.

Siku hiyo walikuwa kumi na wawili. Namba moja alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Namba kumi na mbili, kwa bahati mbaya, ilimwangukia mama wa daftari.

Rundo la kwanza aliita vizuri. Rundo la pili aliita, kisha akasogea karibu. "Hivi kaka, huwa huwahesabu watu kwa macho?"

"Macho ni ya kutazamia milima, dada."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Kamanda aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi, na kila ilipokwaruza aliona kama inamfuta yeye. Kuanzia hapo hakumwamini hata alipokohoa.

Rundo la tatu lilikuwa juu kabisa, baada tu ya ile ngazi iliyomeguka. Watu walifika wakihema, wakajitupa chini na kuanza kuvua viatu.

"Moja!" mwalimu akanguruma. Namba zikafuatana. "Kumi!" "Kumi na moja!"

Kimya.

Kamanda alingoja. Mwanamke huyu kasimama hapahapa, alijiambia, kafumba mdomo makusudi aone kama nitamwona. Mbele yake palikuwa na kijivu juu ya kijivu, asijue lipi jiwe na lipi koti. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: dada, acha utoto, nakuona. Aseme hivyo tu, na mtego umefyatuka patupu. Alikuwa na hakika. Alikuwa na hakika kabisa, ila si hakika ya kutosha kumwacha mtu korongoni.

"Jamani," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu, "kumi na mbili yuko wapi? Nani anamwona?"

Mwalimu mstaafu alidhani ni mzaha. "Kamanda, si huyu hapa? Mbona umemwelekea?"

Kisha hata yeye akaelewa. Waliokuwa wakivua viatu waliacha. Kamanda alihisi macho yao yote yakimtambaa usoni, na akatamani mlima ummeze.

Mama wa daftari alimshika kiwiko, akampeleka pembeni. "Mimi ni mkaguzi. Nimetoka ofisini."

"Nilijua tangu chini."

"Ulijua nakupima?" Akashangaa. "Basi ungesema tu kwamba unaniona. Ningekuamini, na leo jioni ningeandika kwamba uko sawa."

"Na kama usingekuwepo?"

Mkaguzi alitazama ngazi waliyotoka kuipanda na pengo lililokuwa ubavuni mwake. Kisha kalamu ikaanza kukwaruza tena.

"Nitaandika yote mawili," akasema. "Kwamba huoni, na kwamba uliuliza."

"Andika." Kamanda alijaribu kucheka. "Lakini hilo la pili, dada, liandike kwa herufi kubwa. Nataka kulisoma mwenyewe."