Mdogo Wangu Alisema Inatosha, Mimi Nikamrudisha Ulingoni

Usinionee huruma. Kosa ni langu lote, na mtu asije akaniambia kwamba shetani alinipitia. Shetani hakuwepo kwenye kona ile. Nilikuwepo mimi, nikiwa na taulo begani.

Aliyekuwa bingwa ni mdogo wangu. Hapa nitamwita Bahati, ingawa si jina lake. Tulikulia Mushaki, tukiteremsha viazi kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, hadi Sake, na huko njiani ndiko nilikougundua mkono wake. Jamaa mmoja wa Bihambwe, pande la mtu, alimtukana mama yetu mbele za watu. Bahati alimpiga ngumi moja tu. Yule bwana akakaa chini katikati ya barabara, mdomo umejaa damu, akatema jino kwenye kiganja na kulitazama. Na mimi, mjinga, nikacheka kwa furaha!

Mimi mwenyewe niliwahi kupigana ngumi, nikavunjwa pua, nikaacha. Basi nikaamua kwamba yeye atafika nilikoshindwa kufika mimi. Nilijaza gunia vumbi la mbao nikalitundika kwenye boriti ya zizi la ng'ombe. Akichoka, namzaba kofi. Akilia, namzaba jingine. Mama alikuwa akitoka nje kwa hasira.

"Huyu ni mutoto yangu, hapana ngoma ya kupiga!"

"Mama, niko namutengeneza," nilimjibu.

Na kweli nilimtengeneza! Alipiga watu Goma, akapiga Bukavu, akaenda hadi Kisangani akamvunja mtu taya mbele ya ndugu zake. Nilisikia ule mfupa ukilia nikiwa chini ya kamba za ulingo, na nakiri kwamba nilirukaruka. Tulirudi na mkanda. Mama akautundika ukutani karibu na rozari yake, na barabara nzima ikaja kuushika.

Kisha akatokea mtu wa Bunia, apigaye kwa mkono wa kushoto, aliyeutaka mkanda huo. Nilikuwa nimemwona akipigana. Alikuwa anaendelea kumpiga mtu aliyekwisha kuzimia akiwa wima, bado amesimama lakini hayupo. Nikaogopa. Bahati hakuogopa, niliogopa mimi.

Nikampeleka Kashebere kwa Mujomba, kaka yake mama, mwindaji. Sisi ni Wakristo, na Mujomba pia ni Mkristo. Jumapili hakosi misa, na siku nyingine anapaka dawa mitego yake. Tulimkuta anachuna ngedere. Alinawa mikono, akamfunga Bahati kamba ya gome la mti kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo bandeji ingeificha, kisha akanigeukia.

"Mimi sijui bintu ya ngumi. Najua pori tu. Muntu akiingia mu pori na hii kamba, asikuwe muntu nyuma wa kumuita. Ukimuita arudi, dawa inageuka, nyama ya pori njo itamuwinda yeye. Umesikia?"

"Nimesikia, Mujomba."

Nilisikia vizuri sana. Nilichokisikia ni kwamba taulo nisilitupe ulingoni kusimamisha pambano. Maana kutupa taulo ni nini, kama si kumwita mtu arudi?

Pambano lilikuwa Goma, mchana wa jua kali, watu wamepanda hadi juu ya kuta. Mwanzoni Bahati alimchezea yule jamaa alivyotaka. Alimpasua mdomo, akamkunja kwa ngumi ya mbavu hadi akatapika kwenye ndoo yake. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kisha ule mkono wa kushoto ukapita. Ukapita tena. Jicho la Bahati likavimba likafumba, nyusi ikachanika, damu ikaanza kumwingia mdomoni akawa anaimeza.

Kengele ilipolia, alirudi kwenye kona akitafuta kiti kwa kupapasa. Hapo ndipo aliponiambia maneno ambayo sijamwambia mtu yeyote hadi leo.

"Kaka, inatosha."

"Nini?"

"Siko naona. Kichwa iko nauma vibaya."

Taulo lilikuwa hapa begani! Nililigusa. Nikaikumbuka kamba, nikajiambia kwamba nikilitupa nitakuwa nimemwua. Na nisiwadanganye, niliukumbuka na mkanda pia, ukiwa ukutani kwa mama.

"Nyamaza!" nikamwambia. "Simama!" Nikampaka mafuta juu ya jicho, na alipochelewa kuinuka, nikamzaba kofi, kama kule zizini. Akasimama. Maisha yake yote, nikisema simama, alikuwa anasimama.

Ole wangu! Kilichofuata hakikuwa ngumi, kilikuwa kuchinja. Alipigwa sikioni, akapigwa kooni, akapigwa kichwani mahali pale pale hadi mikono yake ikashuka yenyewe. Mwamuzi alinitazama mara moja. Nikamwashiria kwa mkono: aendelee. Bahati alianguka kifudifudi bila kutanguliza mikono. Mguu mmoja ukawa unapigapiga mbao za ulingo.

Madaktari walimpasua fuvu kutoa damu. Alikaa bila fahamu siku nyingi, na mama akaacha kunisalimia.

Mujomba akaja kutoka Kashebere. Alimtazama mgonjwa, akaitazama kamba iliyokuwa bado mkononi, akanivuta nje.

"Uliacha apigwe hivi juu ya nini?"

"Si ulisema asiitwe?"

"Nilisema usimuite. Sikusema umufungie njia! Muwindaji akirudi mwenyewe tunamupokea, tunamupa maji, tunakata kamba, njo vile. Mutoto yule hakusema anataka kurudi?"

Nilimtazama usoni mzee yule na nikajibu, "Hapana, Mujomba. Hakusema kitu."

Akalia. Alilia kwa kudhani kamba yake ndiyo iliyomkatalia mtoto kusema. Nami nikamwacha alie hivyo! Tangu siku ile hatengenezi dawa tena, na watu wanasema amezeeka ghafla.

Bahati yuko hai. Hukaa kando ya barabara hapa Mushaki, karibu na mama yetu, ambaye huuza fromaji, yaani jibini. Mkono ule uliovunja taya Kisangani haushiki kikombe. Maneno yake hutoka polepole na mate kidogo, na mimi ndiye ninayemfuta, kwa taulo. Siku ile ya Goma haikumbuki. Anakumbuka tu alichosimuliwa, na aliyemsimulia ni mimi.

Abiria wakishuka kununua fromaji, huuliza kama huyu ndiye yule bingwa. Hapo uso wake hufunguka.

"Walinipiga, lakini mimi sikusema inatosha," huwaambia. "Hata siku moja! Muulize kaka."

Wote hunigeukia. Naye hunigeukia, kwa lile jicho moja linaloona.

"Kweli," huwa nasema. "Hakusema."

Ndugu yangu unayesoma, kama umeshika taulo la mtu, liwe la ulingoni au la maisha, nakusihi, akikuambia inatosha, msikie mara ya kwanza. Usingoje ya pili. Bahati hakuwa na ya pili, na ile moja aliyoisema nimemnyang'anya.