Siku Mama Alipokalia Begi la Mwalimu Monica

Harufu ya nta inayoyeyuka huniondolea utulivu. Wengine wakiisikia hukumbuka asali. Mimi huanza kutafuta mlango uko wapi. Juzi nilikutana nayo sokoni Singida mjini, mwanamke anachuja masega yaliyoyeyushwa kwenye beseni, na kabla sijauliza bei nilikuwa nimerudi Itigi, darasa la saba, dawati la mbele, nikitikisa miguu kama mtoto anayeogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Baba yangu alikuwa mnunuzi wa asali. Warina asali walimletea madumu kutoka porini, na nyumba yetu yote, hadi sare yangu ya shule, ilinuka nta. Shule ilikuwa ya serikali, na mwalimu wa hesabu alipohamishwa hakuletwa mwingine. Ndipo kamati ya shule ikampata Mwalimu Monica, dada kutoka kijiji cha Mtinko aliyekuwa amemaliza chuo cha ualimu na kukaa nyumbani akisubiri ajira. Akaja kujitolea. Wazazi wakakubaliana kumchangia posho, ila mwaka ule mvua ilikatika mapema, alizeti zikakauka, na michango ikapungua mpaka aliyebaki akitoa ni baba peke yake.

Hapo ndipo raha ya shule iliponiisha. Wenzangu wakaanza kusema "mwalimu wenu". Mwalimu akinisifu, mtu anakohoa huko nyuma. Jua likiwa kali wananinong'oneza, "Mwajuma, mwambie mwalimu wenu atuachie mapema." Nilicheka nao, lakini moyoni sikutulia. Nilipata alama nyingi za vema kwenye daftari langu, na kila nikizitazama sikujua ni zangu au ni za madumu ya baba.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio, nikaanguka hesabu vibaya sana. Mwalimu Monica akaniweka na wale wa kubaki jioni kurudia hesabu za sehemu. Nikuambie ukweli, nilifurahi kidogo. Makosa yale angalau yalikuwa yangu mwenyewe.

Baba hakufurahi. Kesho yake, katikati ya kipindi, pikipiki yake ilisimama nje ya dirisha, naye akaingia hadi mlangoni na vumbi lake.

"Shikamoo baba," Mwalimu Monica alisema.

"Marahaba. Nasikia mwanangu umemweka na walioshindwa."

"Ndiyo baba. Sehemu bado zinamsumbua."

"Mwalimu, unajua lakini nani anayekuweka hapa Itigi?"

Wenzangu wakanigeukia. Nilitamani dawati linifunike.

"Najua baba, na nashukuru," alijibu taratibu. "Nilidhani posho ile ni ya kufundisha darasa. Kama ni ya Mwajuma peke yake, basi nitakuwa namfuata nyumbani, na hawa niwaambie wasinisubiri. Wewe niambie tu nifanye lipi."

Baba akatutazama. Nusu ya watoto mle ndani walikuwa wa warina asali wake. Akageuka, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alizunguka uani akipiga teke vifuniko vya madumu. Mama, ambaye alikuwa mwanamke mnene na mpole, aliendelea kupepeta mchele.

"Ulitaka akudanganye?" alimuuliza. "Akuambie Mwajuma anajua hesabu, halafu mtihani wa taifa useme nini?"

Baba akapiga teke kifuniko kingine. Mwisho wa mwezi hakupeleka posho. Siku zilizofuata sikuwa na mahali pa kutulia: darasani nilichungulia mlango, nyumbani nilichungulia uso wa baba. Mwalimu Monica aliendelea kuja, viatu vimepigwa rangi, sauti ileile. Mpaka Jumatatu moja tukapanga mstari asubuhi, naye hayupo.

Treni ya kwenda Dodoma ilikuwa imechelewa, na muda wa mapumziko tukaisikia honi yake kwa mbali. Nikajua mwalimu anaondoka nayo, sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilikimbia hadi stesheni, ambako mama alikuwa akiuzia abiria mayai ya kuchemsha na viazi.

Nilimkuta ameketi. Mama hakuwahi kuketi treni ikiingia. Lakini siku ile aliketi imara juu ya begi kubwa la bluu, beseni la mayai mapajani, akipokea hela za abiria kwa kunyoosha mkono tu, na mbele yake amesimama Mwalimu Monica, macho mekundu.

"Mama, naomba begi langu, treni inaondoka."

"Mwanangu, miguu yangu leo imegoma. Nipe muda kidogo."

"Mama, tafadhali!"

"Chukua yai ule kwanza."

Treni ikaondoka. Mwalimu Monica akaitazama ikipotelea kwenye vichaka, kisha akalipokea lile yai, akaanza kulimenya huku analia na kucheka.

Jioni ile mama na wauzaji wenzake wa stesheni walikwenda kwa mwalimu mkuu. Kikaitwa kikao cha wazazi. Wakakubaliana kila nyumba itoe ilichonacho, kiwe unga, mafuta ya alizeti au hela, kipitie kwa kamati, na asiwepo wa kumpa mwalimu kitu mkononi. Baba alikuja akakaa nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika alitoa kama wengine, akamgeukia Mwalimu Monica, akasema, "Mwanangu abaki jioni mpaka azielewe." Nikabaki, nikazielewa.

Miaka yote niliamini Mwalimu alitaka kuondoka kwa sababu ya njaa. Nilikuwa mtu mzima, na watoto wangu mwenyewe, mama aliponiambia walichozungumza pale stesheni kabla sijafika. Unga ndani Mwalimu alikuwa nao, jirani alimkopesha. Ila usiku wa jana yake, akisahihisha daftari langu, alikuta jibu lililokosewa, na mkono wake ukaweka vema. Aliifuta. Kisha akapanga nguo zake.

"Mama, nimeanza kuogopa," alimwambia. "Heri niende nikiwa bado mwalimu."