Mama Mkwe Mashuani

Kwetu Kakamega, mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe akiwa nusu uchi. Kwa hiyo, nilipokwenda visiwani kurudia mafunzo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa, na mke wangu akamleta mama yake mashuani "aone bahari", niliruka majini nikiwa na kaptura tu kabla ya kuitwa.

Mtihani ulikuwa kuvua miwani ya kuzamia chini ya maji na kuivaa tena. Maji yaliponijaa puani nilitamani kupanda, lakini juu mama mkwe alikuwa ameinama akinitafuta. Nikatulia, nikafaulu.

Tulipoibuka, mwalimu akasema, "Hongera! Panda mashuani."

"Siwezi."

Mama mkwe akajifunika kanga kichwa kizima. "Panda tu, baba, sioni kitu. Ila shikilia hiyo kaptura, inateremka."