Suuzo la Kwanza Haliingii Mtaroni

Saa mbili asubuhi, muosha chupa amekwisha kuvaa glavu za mpira zinazomfika viwikoni. Mbele yake zimelundikana chupa za dawa ya minyoo ya mifugo. Husemwa ni tupu, lakini kila moja ina tone lililoganda kitakoni. Anatia maji kidogo, anatikisa, kisha anamimina suuzo hilo la kwanza katika pipa lenye maranda ya mbao.

Haikuwa hivyo zamani. Tangu afiwe na mumewe, mama huyu hukusanya chupa kutoka maduka ya dawa za mifugo, huziosha na kuwauzia watengenezaji wa sabuni ya maji. Kazi hiyo imewasomesha mabinti zake. Miaka yote hiyo suuzo lilikwenda mtaroni, na mtaro ukaishia katika bwawa la samaki la shemeji yake, mwenye kiwanja anachofanyia kazi.

"Nilijisifu kwa usafi," anasema. "Chupa zinang'aa, ua unang'aa. Kumbe uchafu namhamishia shemeji!"

Bwawani, wadudu wa maji walitoweka, kisha vyura. Vifaranga wa samaki wakadumaa kwa kukosa chakula. Ofisa mifugo alieleza kwamba dawa ile huendelea kuua hata ikifika majini. Shemeji akatamka neno zito: wadudu wasiporudi kabla ya mvua, ua ufungwe.

Alikuwa na haki. Mama huyu naye hakuomba huruma, alibadili utaratibu. Maranda yaliyolowa aliyapeleka kwa mchoma taka wa hospitali, aliyemjia juu.

"Mama, hili tanuri si jiko la nyumbani kwako!"

"Basi nimwage wapi, kwenye birika lako la chai?"

Mchoma taka alicheka, akaenda kumwombea ruhusa kwa mkuu wake. Ikatolewa.

Asubuhi hii shemeji anaingia na wavu mdogo, uso ameukunja.

"Shemeji, njoo uwaone wageni wako."

Ndani ya wavu, wadudu weusi wanarukaruka.

"Wangu tena? Mimi nafuga chupa."

"Haya, endelea kuosha. Ila mtaro nitauchungulia kila siku."

"Uchungulie hata usiku, ukitaka na taa nikushikie."

Shemeji anashindwa kuzuia tabasamu, anaondoka.

Muosha chupa haoni kwamba kazi imekwisha. Waosha wenzake kandokando ya mitaro mingine bado wanamwaga suuzo humo, na Jumamosi amewaita uani kwake.

"Kila mmoja aje na pipa lake," anasema. "Visingizio aviache nyumbani."