Dobi Anayeamshwa na Wivu

Jua bado halijachomoza, na Mama Pacha amesimama nyuma ya pazia la chumba chake, khanga kiunoni, mswaki mdomoni, akichungulia mlango wa upande wa pili wa ua. Hajainjika chai wala hajagusa beseni. Anataka kwanza kuona wifi yake akitoka, ajue kama leo angalau wataanza sawa.

Mlango haufunguki. Badala yake, kutoka chumba cha kufulia, inasikika brashi ikisugua ukosi wa shati.

"Umesikia?" anamnong'oneza mwandishi, povu la dawa ya meno likimchuruzika kidevuni. "Kumbe yuko kazini kitambo! Huyu mwanamke sijui analala macho wazi."

Mwandishi wa makala haya hakuja kwa ajili ya Mama Pacha. Mama Pacha mwenyewe analijua hilo na linamuuma. Gazeti lilitafuta mtu wa kawaida mwenye bidii isiyo ya kawaida, aeleze siku yake inavyokwenda, na kila aliyeulizwa mtaani alimtaja wifi wa Mama Pacha, dada wa mumewe, ambaye wateja wamembandika jina la Umeme.

Lakini Umeme hana muda wa kuhojiwa. Alipoombwa aeleze ratiba yake, hakuinua hata macho kutoka kwenye beseni.

"Muulize wifi," alisema. "Anaijua kuliko mimi."

Hakuwa anatania. Mama Pacha anaijua siku ya wifi yake kama mtu anavyoijua njia ya chooni gizani.

"Akiamka anatandika kitanda kabla hajasema na mtu," anaanza, akikunja kidole kimoja kimoja. "Anakunywa maji, amesimama. Halafu usidhani anafua. Anageuza kwanza mifuko yote nje, anatenga nyeupe, anatenga zinazochuja rangi. Simu anaitupa juu ya kabati, haishuki mpaka mashati yaishe. Umbea hana. Mchana anajilaza kidogo, chali, mikono kifuani kama maiti. Akiamka hapigi hata mwayo!"

Kisha anaongeza kwa uchungu wa kweli, "Huo mwayo ndio unaoniudhi kuliko vyote. Mtu gani hapigi mwayo?"

Chumba hiki cha udobi ni mali ya mama mkwe wake. Kina meza mbili za pasi, dirisha moja la mtaani, na kamba za kuanikia zinazopita ua mzima. Mama Pacha alipoolewa hapa alimkuta mama huyo ameshaanza kusumbuliwa na magoti, akashika pasi siku zile zile za ubibi harusi. Alipiga pasi akiwa na mimba ya mapacha mpaka tumbo likamzuia kuifikia meza. Kwa miaka mingi, wateja walipokuja dirishani, uso waliouona ulikuwa wake.

Ndipo ndoa ya Umeme ilipovunjika, akarudi kwao na begi moja, akaomba beseni "ili nisikae bure." Haukupita muda, wateja wakaanza kuuliza, "Umeme yupo?"

"Mtu niliyemnyooshea suti ya harusi yake, leo ananipita na mfuko wa nguo kama mimi ni kizingiti," anasema Mama Pacha. "Nina wivu. Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Wivu huo ulipata makali mwezi uliopita, mama mkwe alipotangaza kwamba magoti sasa yamemshinda kabisa. Ufunguo wa chumba cha udobi angemwachia mmoja wao, na atakayeupata ndiye atakayekuwa na kauli ya mwisho: nani afue, nani apige pasi, nani aondoke. Mmoja ni mtoto wa kumzaa. Mwingine ni mke wa mwanawe. Mama Pacha akajiona ameshakuwa kibarua mahali alipopajenga kwa jasho lake.

Akaamua kumwiga mwenzake. Alianza na maji ya kunywa akiwa amesimama, yakampalia. Akaitupa simu juu ya kabati, halafu akawa anapanda stuli kila inapolia, hadi stuli ikavunjika mguu. Mapacha wake walicheka mpaka wakafukuzwa nje.

Kisha akafika kwenye kile alichokiona ndiyo siri yenyewe. Kila jioni kabla ya kufunga, Umeme huzinyunyizia maji nguo za kupigwa pasi kesho yake, akaziviringisha na kuzifunika kwa shuka. Zikiamka na unyevu ule, pasi inateleza bila kubishana na mikunjo. Mama Pacha akataka kumpita. Jumamosi moja alichukua vitambaa vyote vyeupe vya meza vya hoteli, mteja wao mkubwa, vilivyotakiwa Jumatatu. Akavinyunyizia, akaviviringisha, na ili visikauke akavifungia ndani ya mfuko wa plastiki. Jumapili walikuwa wamefunga.

"Jumatatu nafungua mfuko, harufu ikanipiga kama soksi za mlinzi," anasimulia. "Ukungu! Vidoa vyeusi kama nzi. Na nilijua, ndugu yangu. Nguo mbichi haifungiwi siku mbili, hata mapacha wangu wanajua. Lakini wivu ulikuwa umeshanipanda kichwani."

Umeme aliingia, akavitazama vitambaa. Akaleta ndimu na chumvi, akavuta kigoda, akaanza kusugua doa moja baada ya jingine. Walikaa bega kwa bega mpaka jua lilipokuwa kali, wakavianika. Mama mkwe alipouliza kutoka chumbani kwa nini mzigo wa hoteli haujatoka, Umeme ndiye aliyejibu.

"Tumechelewa kidogo, Mama!"

Mama Pacha anatikisa kichwa akikumbuka. "Tumechelewa! Yeye na nani? Angenisemea kwa Mama, ningemchukia nikaridhika. Sasa nimchukie vipi? Hata kwa wema amenishinda."

Wiki iliyopita mama mkwe aliwaita wote wawili sebuleni. Ufunguo ulikuwa mezani. Aliutazama kwa muda, kisha akausukuma upande wa binti yake. Mama Pacha anasema alianza kuwaza namna ya kumweleza mumewe.

Umeme akaurudisha.

"Mama, nimepata chumba changu cha kufulia, barabara ya nyuma. Naondoka mwisho wa mwezi," alisema. "Mpe wifi. Sehemu hii ameibeba yeye, mimi nimeikuta."

Mama mkwe akauweka ufunguo kiganjani mwa mke wa mwanawe na kuvifumba vidole vyake kwa mikono yote miwili. "Usiniangushe, mwanangu," alimwambia.

Ufunguo huo sasa unaning'inia shingoni mwa Mama Pacha kwa kamba ya kiatu. Mwandishi anamuuliza kama amefurahi. Anapitisha pasi kwenye mkono wa shati, anaugeuza, anaupitisha tena.

"Nililia kwa furaha. Nikafika mlangoni, nikajiuliza: hicho chumba chake kina madirisha mangapi?"

Alikwenda kuhakikisha. Ni matatu, bomba liko ndani, na kuta zimepakwa rangi mpya. Siku hiyo hakula.

"Wenye bidii husema wanaamshwa na ndoto, sijui malengo," anasema. "Mimi naamshwa na wivu, na nimefika mbali nao. Huyu akishaondoka nitalala mpaka jua linichome miguu, na wateja watahamia kwake mmoja mmoja."

Ndiyo maana ana mpango. Mumewe anaujua, mama mkwe ataambiwa akiwa ameshiba. Chumba hiki kitabaki cha kufulia. Pasi na dirisha la wateja anataka kuvihamishia kwenye chumba kinachopangishwa barabara ya nyuma, mkabala kabisa na cha wifi yake. Ameshazungumza na mwenye nyumba.

"Hicho nacho kina madirisha mangapi?" mwandishi anauliza.

"Manne," anajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Na linalotazama kwake ndilo kubwa."